Kiboko Apanga Kikosi Chake cha Ndoto

Mpo, wasikilizaji?
Tupo, na masikio tumekuja nayo.
Niwape pasi?
Tupe, tutaituliza kifuani.
Na ikidondoka?
Tutarudi nyuma tuiokote.

Basi, hapo zamani jua liliwaka mpaka nyasi zikawa kama waya. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa hilo alikaa Kiboko.

Kiboko alikuwa na nguvu, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa na tabia moja mbaya. Cha kwake hakikuwa na utamu; kitamu kilikuwa cha mwenzake. Akimwona Ngiri anatafuna mzizi mkavu, aliacha majani yake mabichi, akapanda kutoka majini, bwata, bwata, bwata, akampokonya Ngiri mzizi wake. Akishautia mdomoni, anautema.

Bwawa akalifunga. Kunywa ni kwa ruhusa, na ruhusa haitoki. Mama Swala alikuja na watoto wake, ndimi zikiwa nje, akaambiwa arudi kesho. Kesho akaja, akaambiwa arudi kesho.

Ndipo Nguchiro akafika ukingoni. Nguchiro ni mnyama mdogo, mwembamba, unaweza kumkanyaga usijue umekanyaga nini. Akaamkia, "Shikamoo, Mzee Kiboko," kisha akasema kwamba wanyama wanaomba mechi ya mpira. Wakishinda, bwawa liwe la wote. Wakishindwa, watahama nchi na hataziona tena sura zao.

Kiboko alishtuka, masikio yake madogo yakasimama. Hakushtuka kwa woga. Alishtuka kwa sababu kila mchana, akiwa amelala majini macho tu yakiwa nje, kazi yake ilikuwa kupanga kikosi chake cha ndoto. Tembo golini, maana anaziba lote. Nyati beki. Chui winga wa kushoto, Duma winga wa kulia, Twiga wa mipira ya kichwa, na yeye mwenyewe nahodha, katikati. Alidhani siri hiyo anaijua peke yake. Hakujua kwamba akisinzia huwataja wote kwa sauti, na nchi nzima inamsikia.

Akakubali mechi, ila akaweka sheria. "Utakayemtaja, nikimtaka, ni wangu. Mpaka kikosi changu kitimie. Watakaobaki ndio wako."

Nguchiro akainamisha kichwa, akakubali. Korongo, aliyechaguliwa kuwa refa, akairudia sheria hiyo mbele ya wote ili asitokee wa kusema hakusikia.

Kulipokucha, wanyama wote wakakusanyika uwanjani. Kiboko akamwambia Nguchiro aanze yeye kutaja, maana kupokonya ndiko kulikokuwa raha yake.

Nguchiro akasimama, akaweka mkono kifuani. "Wa kwanza," akasema, "ninayemwota tangu utotoni, ni Kobe. Winga wa kulia."

Twiga akashusha shingo asikie vizuri. Kobe mwenyewe akaingiza kichwa ndani ya gamba, akakitoa tena, ahakikishe kama ni yeye aliyetajwa. Mama Swala akamsogelea Nguchiro, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kiu imekupanda kichwani?"

Nguchiro alikuwa anamtazama Kobe kwa jicho la mahaba.

Kiboko akaliona jicho lile. Mtu anamtakia nini Kobe? Lazima pana kitu. Akafikiri, akakumbuka kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona mtu akimpora Kobe mpira. Ni kweli, hakuna aliyewahi.

"Kobe ni wangu," akasema.

Nguchiro akakaa chini pu, akashika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakimtetemeka. Kiboko akasikia utamu mpaka kwenye kucha.

Nguchiro akainuka, akamtaja Nungunungu. Huyo golini, akaeleza kwa sauti ya kukatika, kwani ni mshambuliaji gani atasogelea miba ile? Kiboko akashangaa kwamba miaka yote hiyo alikuwa anamweka Tembo golini bila kuiona miba. Akasema, "Nungunungu ni wangu." Nguchiro chini pu.

Akamtaja Kinyonga, mshambuliaji mwenye jicho moja kwa kipa na jingine kwa beki. "Kinyonga ni wangu." Nguchiro chini pu.

Akamtaja Fuko, beki ambaye mpira wa chini hauwezi kumpita. "Fuko ni wangu." Nguchiro chini pu.

Akamtaja Popo, wa kuning'inia golini na kuokoa mipira ya juu. "Popo ni wangu." Nguchiro chini pu.

Ikawa hivyo, Nguchiro anataja, Kiboko anapokonya, Nguchiro chini pu, mpaka Korongo akainua bawa na kutangaza kwamba kikosi cha Mzee kimetimia.

Kiboko akageuka, akitabasamu. Na hapo tabasamu likamfia usoni.

Tembo alikuwa amekaa. Kando yake Nyati. Chui anajilamba, Duma ananyoosha miguu, Twiga amesimama nyuma yao. Ndoto yake yote ilikuwa imekaa pale na hakuna aliyeigusa. Kiboko akafungua kinywa, kinywa kikakataa kufunga. Ndege aliyekuwa anamchokoa meno akatoka akaenda zake, naye asijue.

"Hao," akasema mwishowe, "mbona wamekaa?"

"Hukuwachukua, Mzee," Korongo akajibu. "Wamebaki, kwa hiyo ni wa Nguchiro."

Kiboko akaomba kubadilisha japo mmoja. Korongo akamjibu kwa heshima kwamba sheria hairuhusu, na akamwomba akumbuke ni nani aliyeitunga.

Priii! Filimbi ikalia.

Mpira wenyewe ulikuwa wa matambara. Duma akauchukua, fyuu, akaachia shuti. Nungunungu akaruka, chwap, mpira ukanasa kwenye miba ya mgongo wake. Akatazama kulia, haupo. Akatazama kushoto, haupo. "Nahodha," akamwuliza Kiboko, "umeuona mpira?" Akageuka kuutafuta nyuma, akitembea polepole, akaingia nao golini. Bao.

Fuko akapewa mpira, akazama nao ardhini. Wote wakasubiri. Akaibukia ndani ya goli lao wenyewe. Bao. Kinyonga akapewa mpira, akainua mguu, akaenda mbele kidogo, akarudi nyuma kidogo, akiwaza, na kabla hajamaliza kuwaza akageuka rangi ya vumbi, hata nahodha wake hakumwona tena. Popo alikuwa amening'inia kwenye mtambaa wa panya wa goli, kichwa chini, akikoroma. Mabao yakaingia mpaka Korongo akaacha kuhesabu. Kila bao lilimpiga Kiboko kama jipya.

Kobe je? Tangu filimbi ya kwanza Kobe alikuwa anakimbia. Anakimbia pembeni ya mstari, kiti, kiti, kiti, hatazami nyuma.

Jua likaanza kushuka. Tembo, ambaye hakuwa ameugusa mpira siku nzima, alikuwa amesinzia golini. Kiboko kwa hasira akaupiga mpira popote, tuu! Ukapaa, ukapaa, ukashuka mbele ya Kobe, ambaye ndiyo kwanza amefika mbele ya goli la Tembo. Kobe akautazama. Akausukuma kwa pua. Mpira ukaviringika biri, biri, biri, ukapita kati ya miguu ya Tembo, ukaingia.

Kelele zikapasuka uwanja mzima, hata Mama Swala akashangilia. Na Kiboko akajikuta anakimbia, machozi yanamtoka, akambeba Kobe kichwani na kumzungusha uwanjani. Mwenyewe hakujua kimemtokea nini.

Priii! Mechi ikaisha. Mama Swala ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka uwanjani, kwani Chui alikuwa ameahidi urafiki mpaka filimbi ya mwisho, si zaidi.

Bwawa likafunguliwa. Wakanywa wote, gudu, gudu, gudu. Watoto wa Mama Swala walikunywa mpaka wakashindwa kutembea.

Nguchiro akamwendea Kiboko, akitarajia matusi. Kiboko akamwuliza neno moja tu: kule kukaa chini na kushika uso, alikuwa analia kweli?

"Nilikuwa nacheka, Mzee," Nguchiro akajibu. "Niliziba uso usinione." Akaona huruma kidogo, akaongeza, "Basi nikufute machozi. Mechi ijayo chukua Chui, mimi nipe Kobe."

Kiboko akamvuta Kobe karibu na ubavu wake. "Hapana," akasema. "Huyu simtoi."

Safari hii Nguchiro alikaa chini pu, bila kukusudia.

Hapo ndipo filimbi yangu inapolia. Mwenye kutaka dakika za nyongeza akamwombe Korongo. Na funzo lake ni hili, watoto wangu: mkipanga timu, mpokonyeni mwenzenu kila anayemtaja. Kiboko alifanya hivyo, akapata winga bora kuliko wote nchini.