Mgeni wa Chumba Kinachovuja

Masika nzima Chausiku, mshona nguo, na wanawe wanne walilala wakikinga matone kwa sufuria. Mwenye nyumba, Bwana Kitwana, jibu lake lilikuwa moja: asiyeridhika ahame.

Siku moja Chausiku akamwendea kwa upole.

“Baba mwenye nyumba, leo sikuja kulilia bati. Naomba ruhusa nimlaze mgeni Alhamisi.”

“Mlaze! Aje na sufuria yake.”

“Ahsante. Ni mteja wangu, mama mkwe wako.”

Kitwana akatoka na kiatu kimoja kumtafuta fundi. Jumatano paa lote lilikuwa jipya.

Alhamisi akaja na kanzu ya Ijumaa, ameinamisha kichwa.

“Mama amefika?”

“Bado sijamwalika, baba. Nilianza na ruhusa.”