Wenye "Usilie" Yao

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilala vitandani na kuoga kwa sabuni, Tembo alikuwa na wimbo wake uitwao "Usilie". Aliupiga kwa tarumbeta kwenye harusi, na watu walicheza mpaka wakapoteza viatu. Kiboko naye alikuwa na "Usilie" yake. Hiyo ilikuwa ya kumbembeleza mke aliyenuna, na waume wenye makosa waliipenda sana. Nyimbo mbili, jina moja, na hakuna aliyepungukiwa kitu.

Lakini wakubwa hawa, mnawajua? Waligombania lile jina weee, mpaka wakachoka. Mwisho wakapatana kama wakubwa wanavyopatana siku zote, yaani kwa kuwaonea wadogo.

Mbiu ikalia, puu! puu!

"Sikilizeni! Kuanzia leo 'Usilie' ni ya Tembo na Kiboko tu! Mwingine akiimba wimbo wenye jina hilo, maji ya kisima atayasikia kwa majirani!"

Sasa, kule juu mawemawe alikaa Mama Sikudhani. Huyu alikuwa pimbi. Wengi humdhania panya aliyenenepa, ila nyinyi msithubutu kumwambia hivyo. Alikuwa na mtoto mchanga mmoja, Sikudhani, na wimbo mmoja wa kumlazia, alioachiwa na bibi yake. Wimbo wenyewe uliitwaje? Enhe! "Usilie". Bila huo Sikudhani halali, hata umpe nini.

Siku ile Mama Sikudhani alijaribu kumbembeleza kimya kimya.

"Nyaaa! Nyaaa!" Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Roho ikamuuma mama, akaimba kidogo, chini chini. Mtoto akalala. Lakini masikio ya Tembo si mnajua ukubwa wake?

Kesho yake alipofika kisimani na mwanawe mgongoni, aliwakuta Tembo na Kiboko wamejitandaza ukingoni.

"Rudi na mtungi wako," akasema Kiboko.

"Baba, mwanangu ana kiu."

"Ungelifikiria hilo kabla ya kutuibia jina."

Machozi yalimlengalenga Mama Sikudhani, akayazuia. Kisha akapiga magoti.

"Nimekosa, wazee wangu. Wimbo ni wenu. Nimekuja kuwakabidhi."

"Kutukabidhi nini?" akauliza Tembo.

"Mtoto."

"Ati!"

"Huyu hulazwa kwa 'Usilie', na mimi sina ruhusa tena. Wenye wimbo ni nyinyi, basi mlazeni. Ila huko mtaani maneno ni mengi. Wanasema 'Usilie' ya kweli ni moja tu, ile itakayomlaza mtoto. Ni ya nani? Mimi sijui. Mtoto mchanga hajui kujipendekeza, ataamua mwenyewe."

Tembo akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Tembo. Urafiki wa jana ukaishia hapo hapo.

"Nipe mimi!" wakasema wote wawili.

"Mmoja mmoja, baba zangu. Na mtoto habembelezwi hivi hivi, lazima abebwe kwa mbeleko."

Kanga yake haikufika hata ubavuni mwa Tembo. Ikabidi akimbie kwa majirani kuazima nyingine, na majirani wakaja nazo wenyewe, maana jambo kama hilo halisimuliwi, linaonwa. Wakaziunganisha kwa mafundo, Sikudhani akafungwa mgongoni.

"Paaa! Papaaa! Usilieee!" akaanza Tembo.

"Nyaaaa!" akajibu Sikudhani.

"Huna sauti wewe, lete huku!" akadakia Kiboko. "Mbuuu! Mbuu-mbuu!"

"Nyaaaaaa!"

Walinzi wa kisima wakiwa kazini namna hiyo, Mama Sikudhani akajaza mtungi. Akafua. Akakaa kitako kusukwa nywele.

Bi Sungura akamnong'oneza, "Shoga, yaani wanakulelea mtoto?"

"Wimbo si wao? Kwani wewe wako unawalaza kwa nini?"

"Kwa 'Usilie', ya kwetu sisi."

"Basi unangoja nini?"

Jua halijafika utosini, Bi Sungura ameleta wanawe, Bi Kwale ameleta vifaranga, Bi Nguchiro ameleta mapacha wenye meno.

"Shikamooni, wazee wetu! Tumewaletea kazi yenu!"

Wee! Alasiri ilipofika, Tembo amekojolewa mgongo mzima. Kiboko ameng'atwa masikio yote mawili. Kila wakiimba, watoto wanazidisha. "Nyaaa! Kwee! Chii!"

"Mama Sikudhani!" akalia Tembo. "Imba, nakuomba!"

"Lo! Mimi tena? Nisije nikanyimwa maji."

"Utateka! Tutakutekea sisi wenyewe!" akasema Kiboko.

"Na ile mbiu?"

Tembo hakungoja mbiu, aliinua mkonga. "Puuu! Sikilizeni! Kila mtu aimbe 'Usilie' yake! Kila mtu! Leo hii! Sasa hivi!"

Hapo Mama Sikudhani akamfungua mwanawe, akampakata, akaimba taratibu.

"Usilie, jiwe bado lina joto. Usilie, mama hajaenda mbali."

Akina mama wengine nao wakaanza, kila mmoja na yake, maneno mbalimbali, jina lile lile. Watoto wakanyamaza. Lakini kabla Sikudhani hajafumba jicho la pili, ikasikika, "Khooo! Khooo!"

Tembo na Kiboko walikuwa wamelala fofofo, wameegemeana, mbeleko bado zinaning'inia migongoni.

"Taratibu, jamani," akasema Mama Sikudhani, akijitwika mtungi wake. "Msiwaamshe wenye wimbo."

Hadithi yangu nimeiacha pale kisimani inakoroma, na funzo lake ni hili: anayetaka jina la wimbo liwe lake peke yake, na ambebe na mtoto anayeulilia.