Maji Yasiyozoleka

Hapo zamani, katika mji wa Mwangani, haki ilijengewa nyumba yake. Sultani Hilali bin Nasibu alipata wageni kutoka nchi za mbali, nao wakamsimulia kwamba huko kwao mfalme anayo diwani, yaani ukumbi wa mashauri, ambamo mnyonge aliyepunjwa sokoni huingia na malalamiko yake, wala hatoki ila ameridhika. Sultani hakuwa mtu wa kukubali kupitwa na jambo. Basi akaamuru ijengwe Diwani ya Malalamiko, yenye mlango wa nakshi na zulia jekundu, akamweka ndani yake Sheikh Burhani bin Athumani awe Mwanasheria wa Dola. Mpiga mbiu akapita mitaani akinadi, "Aliyeuziwa kibovu na aje! Aliyedhulumiwa na aje! Mlango wa haki u wazi!"

Na kweli mlango ulikuwa wazi. Ila Sheikh Burhani alipenda utulivu kuliko alivyopenda haki, na kila aliyekuja na shtaka alipewa sharti zito kuliko shtaka lenyewe. Aliyeuziwa samaki aliyeoza aliambiwa amlete samaki yule yule mwezi ujao, asiwe ameoza zaidi wala pungufu. Aliyelalamika kwamba njia ya sokoni ina shimo lililomvunja mguu punda wake aliambiwa alilete shimo. Na mlalamikaji aliyeshindwa kuleta ushahidi alihesabiwa mzushi, akatolewa mjini na nyumba yake ikatiwa kufuli. Ikawa watu wamekoma kwenda, na diwani ikapoa kama jiko la mwenye kufunga. Sheikh akawa akimwambia Sultani, "Maulana, raia zako hawana la kulalamikia," naye Sultani akalala usingizi mnono.

Basi mwaka huo mvua zikakawia, visima vya mjini vikakauka, kikabaki kimoja tu kule Kidutani, nyuma ya vilima. Na katika mtaa wa Shimoni alikuwako mjane aitwaye Bi Mize binti Faki, akikaa na baba yake mzazi aliyepooza, asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Kila alfajiri Bi Mize aliweka ngata kichwani, akajitwika mtungi, akaenda Kidutani na kurudi.

Mitungi ya mji mzima ilitoka kwa mtu mmoja, tajiri Jamaludini, aliyepewa na Sultani rukhsa ya kuiuza peke yake, na wafinyanzi wengine wakakatazwa. Hapo mwanzo mitungi yake ilikuwa mizuri, watu wakaisifu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tajiri alipojua kwamba wanunuzi hawana pengine pa kwenda, akazidisha mchanga katika udongo na kupunguza kuni katika tanuri. Ikawa Bi Mize anaondoka kisimani na mtungi umejaa, maji yakimtiririka mgongoni njia nzima, akifika nyumbani hayasalii ila ya kusuuzia kikombe.

Baba yake alikuwa akiuona mgongo wa kanga ulivyolowa, akauona na mtungi ulivyo mwepesi. Siku moja Bi Mize alipomletea kikombe, mzee akageuza uso ukutani, akasema, "Kunywa wewe, mwanangu. Mimi leo sina kiu." Na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

Neno lile likamchoma Bi Mize kuliko jua. Akaubeba mtungi mpaka dukani kwa tajiri, akamwambia, "Bwana, mtungi wako unavuja."

Tajiri akautazama, akasema, "Hauvuji, bibi. Unatokwa jasho. Hata wewe, ungebebeshwa maji toka Kidutani, usingetokwa jasho?"

"Ninayebebeshwa ni mimi!" akasema Bi Mize. Tajiri akacheka na kumgeukia mteja mwingine.

Basi Bi Mize akaenda diwani. Sheikh Burhani, ambaye kila Ijumaa alikula pilau kwa Jamaludini, akamsikiliza hali amefumba macho. Bi Mize alipokwisha kusema, Sheikh akauliza, "Wadai maji yamevuja?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Yako wapi?"

"Yapi?"

"Hayo yaliyovuja. Mwizi hushtakiwa kwa kilichoibwa, na mtungi hushtakiwa kwa kilichovuja. Siku ya baraza ya Sultani yalete hapa niyaone."

Bi Mize akastaajabu. "Sheikh, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hiyo ni methali, si sheria," akasema Sheikh Burhani. "Namna ya kuyazoa si shauri la diwani. Ukija mikono mitupu, wajua hukumu ya mzushi."

Bi Mize akarudi nyumbani. Hakujihofia nafsi yake. Alikuwa akimuwaza baba yake: akitolewa mjini, nani atambeba mzee? Akakaa barazani, akajifunika kanga usoni, akalia.

Jirani yake alikuwa mtu mmoja aitwaye Ngwali, fukara asiye na mbele wala nyuma, na mji mzima ukimwita punguani. Kisa cha jina hilo ni kwamba kila asubuhi alimpigia shikamoo punda wa Liwali, na alipoulizwa alijibu, "Katika nyumba ile, huyu ndiye afanyaye kazi." Bi Mize alikuwa na desturi ya kumwekea ukoko wa wali kila apikapo, kwa huruma tu. Basi Ngwali akaja kuutazama ukoko wake, akamkuta mwenyeji analia, akamwuliza kisa, naye akamweleza.

"Nyamaza, dada yangu," akasema Ngwali. "Ukiyamwaga na hayo ya macho, kesho utaambiwa uyalete."

"Ngwali, hii si siku ya mzaha."

"Haya. Maji yalidondokea wapi?"

"Njia nzima! Tangu kisimani mpaka hapa kizingitini."

"Yalidondokea chini?"

"Yangedondokea juu?"

Ngwali akatabasamu, akakaa kitako kama mtu aliyetua mzigo. "Basi yako salama, tena yako kwa mtu mkubwa. Siku ya baraza nitakusemea mimi. Ukoko upo?"

Bi Mize akampa, na moyoni akasema, mfa maji haachi kutapatapa. Sasa nimemshika mkono mwendawazimu.

Siku ya baraza ikafika. Sultani alikuwa ameketi katika kiti chake cha mpingo, Sheikh Burhani kuliani, na tajiri Jamaludini ameletwa akae kwenye mkeka wa mshtakiwa, ananukia udi, hana wasiwasi wowote. Watu wakajaa mpaka dirishani. Bi Mize akasimama na mtungi mtupu. Pembeni yake alisimama Ngwali na kanzu yake yenye viraka, akiwaamkia walinzi mmoja mmoja.

Sheikh Burhani akanena, "Ewe mwanamke, uliagizwa maji. Yako wapi?"

Ngwali akainama. "Bwana Mwanasheria, maji yapo. Lakini yamezuiliwa na mtu mwingine, nasi ni wanyonge, twaogopa kumtaja."

Watu wakanong'ona. Bi Mize akamvuta Ngwali kanzu, naye asisikie. Sultani akakunja uso, akasema, "Katika mji wangu hapana mtu wa kuogopwa kuliko haki. Mtaje!"

"Maulana, ni mkubwa sana."

"Mkubwa kuliko mimi?"

"La, hakuzidi hata unywele."

"Basi naapa mbele ya kadamnasi hii," akasema Sultani, na sauti yake ikapanda, "yeyote aliyeyazuia maji ya mjane huyu atayatoa leo hii, na akishindwa atakaa mkeka mmoja na Jamaludini. Sasa mtaje!"

"Nimesikia na nimetii," akasema Ngwali. "Ila kwanza namwomba Sheikh Burhani, ambaye sheria zote anazo kifuani, atukumbushe ile iliyotangazwa mwaka jana juu ya nazi."

Sheikh Burhani alipenda sana kuombwa kusoma sheria. Akakohoa, akanyoosha kilemba, akasoma kwa moyo, "Kila kiangukacho juu ya ardhi ya Mwangani, kiwe nazi au kinginecho, ni mali ya Sultani tangu kinapogusa udongo, wala asikidai mwingine."

"Kiwe nazi au kinginecho?" akauliza Ngwali.

"Au kinginecho," akasema Sheikh, na hapo hapo akafumba kinywa kama aliyemeza mwiba.

Ngwali akamgeukia Sultani. "Maulana, maji ya Bi Mize yaliangukia ardhi yako. Yalipogusa udongo yakawa yako. Msimu mzima mjane huyu amekuwa akimwagilia njia za Sultani bila kujua, na baba yake akilala na kiu. Sisi hatukudai maji, sheria yatukataza. Lakini Bwana Mwanasheria ayataka ushahidi, na mwenye nayo ni wewe. Nasi twamwomba mwenye nayo ayatoe, kama alivyoapa."

Bi Mize akafumba macho akingoja upanga. Walinzi wakatazamana. Sheikh Burhani akautazama mkeka wa mshtakiwa, kisha akamtazama bwana wake, jasho likamtoka.

Sultani akazishika ndevu zake. Akauliza, na sauti yake imeshuka, "Ewe Ngwali, nitayazoaje maji yaliyokwisha kunywewa na udongo?"

"Maulana, hilo ndilo alilouliza Bi Mize," akajibu Ngwali kwa unyenyekevu. "Akajibiwa kwamba namna ya kuyazoa si shauri la diwani."

Kule dirishani mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, naye akawaambukiza wengine. Sultani alitaka kukasirika. Akajaribu. Lakini kicheko kikampanda kutoka tumboni, mabega yakamtikisika, akacheka mpaka machozi, na diwani nzima ikacheka naye, isipokuwa watu wawili.

Alipopata pumzi akamgeukia Mwanasheria. "Burhani, hivi ndivyo raia zangu walivyokosa la kulalamikia? Leteni mtungi mpya kutoka dukani kwa Jamaludini, ujazeni maji, mnipe mimi."

Ukaletwa, ukajazwa, Sultani akaupakata mwenyewe. Haukukaa sana, joho lake la hariri likaanza kubadilika rangi, kisha maji yakamfika kwenye viatu.

"Jamaludini, hiki nini?" akauliza.

Tajiri akasema kwa sauti ndogo, "Maulana, ni... ni jasho."

"Langu au la mtungi?"

Tajiri akajifuta la kwake usoni.

Basi Sultani akatoa hukumu papo hapo. Wafinyanzi wote wa Mwangani wakarudishiwa ruhusa ya kufinyanga na kuuza. Kila mwenye mtungi unaovuja akapewa ulio mzima kwa gharama ya Jamaludini. Kisha akasema, "Na nyinyi wawili, tajiri na Mwanasheria wangu, mtamchotea maji mzee Faki kutoka Kidutani kwa mitungi hii hii, mpaka mwenyewe aseme kiu imemwisha."

Ikawa mji mzima umetoka kutazama. Sheikh Burhani na kilemba chake, na Jamaludini na udi wake, wakapanda vilima na kushuka wamejitwika mitungi, maji yakiwatiririka mpaka visiginoni. Kila walipofika kwa Bi Mize na kile kidogo kilichosalia, mzee Faki alikunywa, akafuta midomo, akasema kwa upole, "Mungu awabariki, wanangu. Bado kidogo." Bi Mize alikuwa nyuma ya mlango, ameuma pindo la kanga asisikike akicheka. Na baba yake hakuona haraka ya kuwahurumia mpaka mawingu ya mvua yalipojikusanya.

Sultani akamwita Ngwali, akamvika joho jipya, akamwambia, "Nataka wewe ndiwe uwe mkuu wa diwani."

"Maulana, unisamehe," akasema Ngwali. "Nikikaa ndani, nani atabaki nje wa kunishtaki?"

Sultani akacheka, akamwacha. Sheikh Burhani akarudi katika kiti chake, shingo ikimuuma na ngozi ya kichwa imechubuka, akawa mtu mwingine. Aliyekuja na kibovu alipokelewa, na ile njia ya sokoni ikafukiwa shimo lake bila mtu kulibeba.

Ikawa asubuhi moja Ngwali anapita mbele ya diwani. Hakuwa amefika hata kizingitini, Sheikh Burhani akamwona, akainuka mbio, akamlaki kwa mikono miwili. "Karibu, Ngwali, karibu! Malalamiko yako yamekubaliwa!"

"Sheikh," akasema Ngwali, "mimi sina shtaka. Nimepita tu kukuamkia."

"Hata hayo," akasema Sheikh Burhani akijifuta jasho, "yamekubaliwa."

Na hapo ndipo kisa chao kilipotua; nami niliyekibeba hadi hapa sikumwaga hata tone.