Mtemi Aliyetaka Mtama Mweupe Tu

Hadithi ije, utamu uje, na wewe Masinga acha kumfinya mwenzako. Hapo kale, kuku walipokuwa na meno na watemi walipokuwa na akili... la, watemi nimewasingizia.

Palikuwa na Mtemi Chilongani. Nchi yake kavu ilikuwa na mtama mweupe, mtamu. Mtama mwekundu, mchungu. Na uwele wenye miiba kwenye masuke. Kila nyumba ilitundika masuke bora juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya mwaka ujao.

Siku moja Mtemi akala ugali mweupe ugenini, ukamkaa moyoni. Akapiga mbiu: "Nchi nzima ipande mweupe tu! Hayo mengine ni chakula cha kuku. Yashusheni, mle, mmalize!"

Wakashusha, wakala, wakamaliza. Mnacheka? Watu wale, Mtemi akikohoa, wao walitema mate.

Mweupe ukaota, ukachanua, ukapendeza. Ndege kwelea nao wakapendezwa. Wakaja, wakala, wakaja, wakala. Watoto walipiga kelele mashambani mpaka sauti zikakauka. Mwekundu, ambao kwelea huuonja wakautema, haukuwepo. Uwele wa kuwachoma haukuwepo. Njaa ikaingia, watoto wakalala na maji ya moto tumboni.

Aliyekaidi mbiu alikuwa mmoja tu, Bibi Matika, mama mkwe wa Mtemi; masuke yake yote bado yalining'inia juu ya meko. Na kwa watu wale, wajukuu, mkwe hasemeshwi wala hatazamwi usoni! Basi Mtemi akaenda, akasimama nje ya ua, akaipa nyumba mgongo. Mkewe, Mele, akakaa mlangoni kuwapitishia maneno.

"Mwambie mama naomba mbegu."

Bibi alikuwa palepale, anasikia yote. "Mwambie mumeo aombe kwa sauti, majirani wasikie."

"Naomba mbegu!"

"Muulize, mbegu gani?"

"Nyekundu! Kwelea hawaigusi. Nitapiga mbiu, nchi nzima ipande nyekundu tu!"

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Mele mwanangu, nilikuozesha kwa nani? Mvua ikikatika mapema, huo mwekundu utakauka haujakomaa. Uwele ndio utakaowahi. Mwambie atachukua mbegu zote tatu, au aondoke mikono mitupu. Na mbiu yake aitangue."

Mtemi akajikuna kisogo. "Mwambie nimekubali."

"Sikusikia."

"Nimekubali, mama!" Kwa hasira akasahau, akageuka, wakatazamana uso kwa uso. Majirani wakaguna. Mtemi akajifunika macho kwa viganja.

Bibi hakujifunika. Akamwambia mwenyewe, bila kumpitia Mele: "Kunitazama mimi unaona haya, baba. Watoto wenye njaa umewatazama mwaka mzima, mbona haya hukuona?"

Basi, wajukuu, pendeni mweupe, ni mtamu kweli. Lakini atakayewaambia kimoja kinatosha, mwulizeni kwanza kama yeye hulala njaa. Kisa changu nimekitua hapo; mwenye masikio ajitwike, aliyesinzia akaombe kwa jirani.