Chui Aliyeshiba kwa Adabu

"Hadithi, hadithi!"
"Njoo tukusikie, ukichelewa tutasinzia!"

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Chui alipotoka Magharibi ya mlima akaja Mashariki, wenyeji walikonda. Alikuja tumbo mbele, adabu nyuma. Siku ya kwanza tu, nyaku! Akamkamata kitindamimba wa Bi Pimbi.

Pimbi hakuwa na pembe, hakuwa na nguvu, alikuwa na mdomo tu. Akapiga yowe. Mzee Tembo, mkuu wa mji, akaja, tindi! tindi! tindi!

"Kwangu hakuna kunyakua," akasema. "Mgeni ana haki ya kitoweo, lakini hukaribishwa. Anayekula bila kukaribishwa, nitamkanyaga. Asiyemkaribisha mgeni, nitamkanyaga. Mtoto awekwe kwenye ungo, mama yake akaribishe."

Pimbi akapiga hesabu. Akikaribisha, mwanawe ataliwa. Asipokaribisha, atakanyagwa, na nani atamtetea mwanawe? Mtoto analia kwenye ungo, "Mama! Mama!"

Mate ya Chui, tone! tone! Pimbi akamsogelea, akamnong'oneza.

"Bwana mgeni, kwenu ukikaribishwa unafanyaje?"

"Nasema ndiyo, nakula."

"Shii! Usithubutu! Huku anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na Mzee hapendi walafi. Mgeni wa heshima hukataa kwanza. Akibembelezwa sana, ndipo anakula."

Chui akaitazama miguu ya Tembo. "Nikatae vipi?"

"Sema umeshiba. Sema kwa nguvu, Mzee asikie."

Pimbi akasimama mbele ya ungo. Chui akikosea neno moja, mtoto hayupo.

"Karibu mgeni, ule."

"Asante, nimeshiba!" Chui akanguruma, na tumbo lake tupu likanguruma pamoja naye.

Chui akangoja kubembelezwa. Akangoja. Akangoja.

"Mzee," Pimbi akasema, "mgeni wetu ni wa Magharibi. Kwao akisema hapana, ni hapana. Kumbembeleza ni kumtukana, nami simtukani mgeni."

"Kweli kabisa," Tembo akasema. "Tuheshimu mila za watu. Ondoeni ungo."

"Lakini mimi..." Chui akaanza.

Tembo akainua mguu. Chui akaufunga mdomo.

Pimbi akamnyakua mwanawe, churururu! mpaka ndani ya ufa wa jabali. Huko ndiko alikolia, akamlamba mtoto, akalia tena.

Ngano yangu nimeiacha kwenye ungo. Ikiwa tamu, ichukueni. Ikiwa chungu, nirudishieni.

Na funzo lake, wanangu: mgeni anayefuata adabu za wenyeji halali njaa kamwe. Chui alilala vipi, msiniulize.

Haya, ugali umeiva. Nani hapa ameshiba?