Kikohozi cha Kupona

Kikohozi cha kupona hakizuiwi. Mmemsikia mjomba wenu akilisema neno hilo, na sasa mnanikodolea macho mimi bibi yenu kana kwamba ndimi niliyelitunga. Haya, kaeni. Sikulitunga, ila lilipozaliwa nilikuwepo, tena nimelala chali.

Mwaka huo mafuriko yalifunga kabisa barabara ya Malinyi. Nilikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amejilaza upande, na mkunga alisema wazi kwamba nisipopasuliwa tutakufa wote wawili. Ikaitwa ndege ndogo ya misheni. Rubani wake, Kapteni Mkwamira, kijana mpole, akanilaza nyuma, na babu yenu Kapungu akaketi mbele kando yake. Babu yenu mnamjua: hata akipanda punda, humfundisha punda njia.

Jua lilikuwa kali, hewa nzito ya unyevu, jasho linatutiririka. Tulipoanza kushuka kuelekea Ifakara, injini ikaanza kukwamakwama na nguvu zikapungua.

"Kabureta imeshika barafu," Kapteni akasema.

"Barafu!" babu yenu akang'aka. "Joto lote hili, barafu itoke wapi?"

"Petroli ikigeuka mvuke humo ndani hupoza hewa, mzee. Unyevu huu wote unaganda kooni mwa injini."

Akavuta kishikio cha kuingiza hewa ya moto. Loo! Badala ya kutulia, ndege ikatetemeka kama debe la kokoto. Injini ikazima, ikawaka, ikazima tena. Chini yetu maji matupu, hakuna pa kutua. Nikalishika tumbo nikalia: Mungu wangu, mwanangu hata jua hajaliona! Babu yenu akakikamata kile kishikio.

"Kirudishe! Umeiharibu!"

"Mzee, toa mkono! Ukikirudisha tumekwisha. Barafu inayeyuka, injini inameza maji yake. Kikohozi hiki ni cha kupona, usikizuie!"

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, babu yenu akatii. Akautoa mkono, akafumba macho. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma sawasawa mpaka tukatua.

Nilipasuliwa jioni ileile, nikaamka nikawekewa mtoto kifuani. Babu yenu akarudi nyumbani akilitangaza lile neno kila penye ugomvi na kila penye dawa chungu, hata watu wakadhani ni lake. Mwacheni ajisifu. Mimi namshukuru Mungu, namshukuru rubani yule, na babu yenu namshukuru kwa kuutoa mkono. Mtoto yule ndiye mama yenu. Mkono ule usingetoka, ninyi msingekuwepo kuniuliza chochote.

Kikohozi cha kupona, wajukuu zangu, hakizuiwi.