Sauti Iliyobaki kwa Fundi

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Umetoboka hapa, umefumuka pale, lakini ndio uliolalia jana. Msala wa mpita njia ni mzuri, sikatai, ila unapita na mwenyewe. Wahenga waliliona jambo hili zamani. Kalama wa Likoni hakuliona hata alipooneshwa kwa kidole.

Kalama alikuwa mpiga gitaa la mbele katika bendi ya Mzee Mwinyihaji kwa miaka tisa. Gitaa lake lilikuwa kuukuu, rangi imebabuka. Pikapu zake, yaani vile vidude vilivyo chini ya nyuzi vinavyodaka mlio na kuupeleka kwenye spika, zilikuwa na mvumo kama nyuki aliyefungiwa koponi. Lakini Kalama alipozigusa nyuzi zile, wapishi wa harusini waliacha wali uungue. Mtu akiwa mbali, hata mpigaji hamwoni, husema, "Kalama huyo!"

Mwaka 1991 akaja kwenye bendi Lewa, mpigaji kutoka Utange mwenye kaka baharia. Kaka huyo alikuwa amemletea gitaa lenye pikapu za betri, na sauti yake ilitoka safi, kali, bila mvumo hata chembe. Siku ya kwanza watu walimpigia makofi, na makofi yale yalimwingia Kalama kama pilipili machoni.

Wivu, bwana! Tangu siku hiyo Lewa akicheka, Kalama alihisi anachekwa yeye. Lewa akimwamkia, aliona kejeli. Chakula kikawa hakimshuki, mpaka mkewe Kache akashindwa kunyamaza.

"Baba Kanze, huyo Lewa amekukosea nini?"

"Anapigiwa makofi."

"Na wewe miaka yote hii ulipigiwa nini, mawe? Hata leso mpya husifiwa siku ya kwanza. Ngoja ifuliwe."

Kalama alisonya, akamgeuzia mgongo.

Haukupita mwezi, Mzee Mwinyihaji akaleta habari. Meneja wa hoteli moja ya watalii huko pwani ya kusini angekuja ukumbini kwao Jumamosi ya wiki iliyofuata kuwasikiliza. Akiridhika, bendi ingepata kazi ya mwaka mzima.

"Ila anataka gitaa moja tu la mbele," mzee alisema. "Mtapiga nyote wawili, na wallahi sitampendelea mtu. Atakayeshindwa atabaki huku na harusi zetu."

Kesho yake asubuhi Kalama alivuka na gitaa lake hadi Changamwe, kwa Mutua, fundi wa redio na magitaa. Mutua alilisikiliza, akatabasamu.

"Mvumo huu si ugonjwa," alisema. "Nitazungushia karatasi ya shaba ndani, utapungua, na sauti yako itabaki ileile. Au nikutilie pikapu nyingine za kawaida. Au hizi za betri, lakini hizo lazima nichonge ubao nyuma betri ipate pa kukaa. Sauti yake ni safi, ila sidhani kama itakuwa yako."

"Lewa anazo zipi?"

"Za betri."

"Basi nitilie hizo."

Fundi akashika patasi. Alichonga, akachomelea waya, akatia betri. Alipomaliza alimwonya, "Sikiliza, kaka. Waya wa spika ukiwa umechomekwa kwenye gitaa, betri inaliwa hata kama hupigi. Ukimaliza kupiga, chomoa. Na hizi pikapu zako kuukuu?"

"Tupa!"

Sasa, bendi ile ilikuwa na ada yake. Aliyetangulia kuchomeka waya kwenye spika kubwa ndiye aliyesimama mbele, na kuuchomoa waya wa mwenzio ilikuwa sawa na kumvuta mtu kitini. Jumapili jioni Kalama alijaribu gitaa lake ukumbini. Loo! Sauti ilitoka kali kama ya Lewa. Kisha akawaza, "Na Lewa akiniwahi mbele ya meneja?" Wivu ukamnong'oneza, naye akatii. Akaliegemeza gitaa kwenye spika, waya umechomekwa kabisa, akafunga mlango. Wiki hiyo hapakuwa na mazoezi, kwa kuwa mpiga ngoma alikuwa matangani. Siku sita gitaa lilikaa pale likilinda nafasi, na betri ikiliwa polepole.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa majirani. Meneja alikaa mbele, daftari mkononi. Kalama akasimama, akamtupia Lewa jicho la ushindi, akaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, sauti ikaanza kukwaruza. Akaongeza sauti kwenye spika, ikafifia zaidi, mwishowe ikazimika kabisa. Vidole vilicheza juu ya nyuzi na ukumbi haukusikia kitu. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko.

"Lewa, endelea wewe!" Mzee Mwinyihaji aliamuru.

Lewa akachomeka waya wake kwenye spika ndogo. Alipogusa nyuzi, Kalama aliganda. Mvumo ule wa nyuki! Utamu uleule! Nje ya dirisha mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu akasema kwa sauti, "Kalama huyo! Leo kaamka vizuri!"

Wimbo ulipokwisha meneja alikuwa amesimama, akipiga makofi. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani amepita.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?" Kalama aliuliza.

"Kwa fundi Mutua," Lewa alijibu kwa upole. "Tangu nije hapa, kaka, nimekuonea wivu. Nikilala naisikia sauti yako. Nilikwenda kumwomba anitafutie pikapu kama zako, akafungua mtoto wa meza, akazitoa zako zenyewe, akaniambia mwenyewe amezitupa. Nikadhani ananitania. Wallahi kaka, kwa nini ulizitupa?"

Miaka tisa Kalama alikuwa na kitu kinachotamaniwa, naye akakitupa ili afanane na anayekitamani. Akainama, akachomoa waya wake kwenye spika kubwa kwa mkono wake mwenyewe, akampisha Lewa. Akatoka na gitaa lake bubu kwapani.

Usiache mbachao kwa msala upitao.